Mvua, umeme ukakatika, na hatcher yangu ya nyumbani ikakaribia kuniulia mama

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nipo Kampala, upande wa Kibuli. Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi, maana kila nikianza kuandika nafuta. Sitatia chumvi. Yaliyotokea yanatosha yenyewe.

Humu kuna nyuzi nyingi za kuunda incubator, mashine ya kuangulia mayai, kwa mkono. Ni nzuri, hata mimi nilijifunzia hapa. Lakini hiki ninachotaka kusema sijakiona kwenye hata mmoja.

Kwanza mnijue. Mimi ni mke na mama. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za Juba, akiondoka nyumba inabaki mikononi mwangu. Tumepanga vyumba viwili. Mama yangu mzazi alikuja kutoka Bombo kukaa nasi kwa sababu ya magoti. Sisi ni Wanubi, na huyu mama amefuga kuku tangu mimi natambaa.

Incubator yangu ni friji iliyokufa. Nilitoa mashine yake ya nyuma, nikaweka balbu, feni ndogo ya kompyuta, thermostat ya kudhibiti joto na trei ya maji ya kuleta unyevu. Fundi mmoja wa Katwe alinichomelea fremu ya kugeuzia mayai.

Kwa wasiojua: siku za mwisho mayai hayageuzwi tena. Unayahamishia kwenye hatcher, sanduku la pili, ndimo vifaranga wanapotokea. Yangu ni ya mbao, nimeizungushia maboksi kwa ndani. Nilitoboa matundu ya hewa, kwa sababu kifaranga akianza kudonoa ganda anavuta pumzi kama mimi na wewe.

Hayo matundu niliyapima kwa makini sana. Ndiyo maana mpaka leo najishangaa.

Mama alikuwa akiicheka hiyo mashine mwanzoni. "Yai linataka tumbo la kuku, Sauda, si balbu." Lakini vifaranga wa kwanza walipotoka, alihamishia kiti chake pale. Anakaa karibu na hatcher na tasbihi yake, anawasikiliza wakilia ndani ya maganda. Akisikia mmoja mpya ananiita.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, watoto wako shule. Mayai yameanza kupasuka, chumba kizima ni sauti za vifaranga. Mvua ikaja, ile ya Kampala inayogeuza njia kuwa mto. Haikupita muda, umeme ukaenda.

Wakuu, mwenye hatcher anajua hofu hiyo. Balbu zikizimika, unasikia kabisa joto linatoka.

Nilifunika sanduku kwa blanketi. Nikakumbuka kaka yangu wa Kamwokya ana betri na inverter ya kuwashia taa umeme ukikatika. Nikamwambia mama, "Kaa nao, nakwenda kuchukua betri. Mlango usiwe unafunguliwa ovyo, baridi itaingia."

Maneno hayo niliyatamka kwa mdomo wangu.

Nikapanda boda, mvua hiyohiyo. Kaka akanifungia betri na inverter kwenye mfuko wa plastiki. Kurudi barabara imejaa maji, tukazunguka mbali. Njia nzima nawaza mayai tu. Mama hakunijia akilini hata mara moja.

Nilipofika, mlango umefungwa kwa ndani. Dirisha pia. Nikagonga.

"Mama, ni mimi."

Nikadhani amesinzia. Nikagonga tena, nikaweka sikio mlangoni. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu vifaranga niliowaacha wakilia chumba kizima sasa hawakusikika. Mvua ilikuwa imepungua, ningewasikia. Hapakuwa na sauti hata moja.

Nikageuka kutazama baraza. Asubuhi mama alikuwa amebandika maharage kwenye sigiri, jiko letu la makaa. Sufuria ilikuwa chini, maharage hayajaiva, bado ya moto.

Sigiri haikuwepo.

Sijui nilipiga kelele gani, lakini jirani yangu Mama Okello alitoka mbio. Huyu ni mke wa askari, mtu wa kaskazini, Kiswahili chake ni cha kambini.

"Mzee iko ndani?" akauliza.

"Yuko ndani na sigiri."

Hakuniuliza la pili. Alirudi kwake akatoka na mchi wa kutwangia, akaupiga mlango pale kwenye komeo. Yule wa boda alikuwa bado amejibanza barazani anasubiri mvua ikatike, naye akatia bega. Mlango ukafunguka kwa shida, maana chini mama alikuwa ameziba upenyo kwa leso yake, kanga aliyokuwa amejifunga.

Hewa iliyotoka ilikuwa ya joto na nzito. Moshi hakuna. Harufu ya kutisha hakuna. Makaa mekundu safi, yamepangwa vizuri karibu na hatcher, na mama ameegemea sanduku, shavu juu ya blanketi, kama mtu aliyelala usingizi mtamu.

Nilimshika nikamwita. Kichwa kikaanguka upande.

"Toa yeye nje kwanza, utalia baadaye," Mama Okello akasema.

Tukamburuta mpaka ukingoni mwa baraza, mvua inampiga usoni. Nikaweka mkono puani kwake. Sikuhisi kitu. Nikaweka shavu. Nikahisi kidogo sana, au nilitaka kuhisi, sikuwa na hakika.

Yule wa boda akawasha pikipiki. Tukamkalisha mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, Mama Okello akatufunga pamoja kwa leso. Kupanda kilima kwenda hospitali, kichwa chake kinagonga kifua changu kila shimo. Nilikuwa nasoma dua na kuikosea. Dua ambayo mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Hospitalini wakamwekea oksijeni haraka. Nesi akaniuliza moja kwa moja. "Mlikuwa na makaa ndani?"

Nikasema ndiyo.

"Mlango umefungwa?"

Nikasema ndiyo.

Akatikisa kichwa. "Makaa yana hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Yakishawaka vizuri bila moshi, ndipo watu hudhani yako salama."

Nilikaa kwenye benchi na nguo zinachuruzika. Mama alipofungua macho nilidhani hofu imekwisha, kumbe ndiyo ilianza upya. Alinitazama akaniita Zamzam. Zamzam ni dada yake, tulimzika mimi nikiwa msichana. Nikamwambia, mama, ni Sauda. Akatabasamu, akaniuliza kama nimeshateka maji.

Nilitoka nje nikampigia simu mume wangu.

Jioni akanijua. Cha kwanza alichosema kwa sauti iliyokauka: "Wametoka wangapi?"

Nilimwambia apumzike. Mama Okello alikuwa amenipigia simu tayari. Alifungua hatcher, wote wamekufa, wengine vichwa nje na miili bado ndani ya ganda. Akawazika nyuma ya nyumba ili watoto wakitoka shule wasiwaone.

Mume wangu akaniambia kwa simu niitupe ile mashine. Sikuitupa. Lakini hatcher imehamia kibandani nje, na umeme ukienda natumia betri, au madumu ya maji ya moto niliyoyafunga blanketi. Makaa hayavuki kizingiti changu tena, hata mvua iwe ya namna gani.

Mama yuko hai, Alhamdulillahi. Ila mara nyingine anasahau alikuwa anasema nini. Daktari anasema huenda ikapita.

Mimi ndiye sijapona. Akilala mchana naenda kumsikiliza kama anapumua. Juzi alifungua jicho moja akasema, "Sauda, unanichungulia kama yai. Niache nilale." Nikacheka, kisha nikaenda kutoa machozi kibandani.

Somo nililopata ni hili. Nilitoboa matundu kwa ajili ya vifaranga, nikasahau kuwa chumba nacho ni sanduku, na ndani yake nimemwacha mama yangu. Mama hakuwa mjinga. Alifanya nilichomwambia, alilinda joto.

Wenye ujuzi, nisaidieni: umeme ukikatika mnaokoaje mayai bila moto wa makaa? Na kama kuna aliyepatwa na jambo hili na ndugu yake akarudiwa na kumbukumbu zote, naomba aniambie ilichukua muda gani. Nitasoma kila jibu.

Lakini kama unasoma hapa na jiko la makaa liko ndani na mlango umefungwa, usinijibu kwanza. Litoe nje, fungua dirisha, mwite kwa jina kila aliyelala humo. Wakiitika wote, ndipo urudi tuongee.