Ufuo Aliousema Mzee

Mume wangu alikuwa ameshaamua kwamba tutaenda Bamburi. Aliamua peke yake, akiwa dukani kwake Kitengela anakouza dawa za mifugo, kwa sababu mteja mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe alimwambia kwamba huko ufuo ni wa watu wote na kuegesha gari si shida. Mume wangu akishasikia kuhusu maegesho hana swali lingine. Alirudi nyumbani Noonkopir, akavua viatu mlangoni, akatutangazia.

Binti yetu, aliyekuwa amefunga shule na kumaliza kidato cha tatu, hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Bamburi zii," akasema. "Watu wote huenda Watamu."

"Watu gani?"

"Watu tu, Baba."

Akamwonyesha picha. Kulikuwa na maji ya kijani, miamba midogo iliyokaa majini kama uyoga, na msichana asiyejulikana aliyesimama akiwa ametupa mgongo. Mume wangu aliitazama kwa makini, kisha akauliza gari linaegeshwa wapi.

Mimi pia nilikuwa na ufuo wangu, ila sikuulizwa. Nilizaliwa Makueni, karibu na barabara kuu, na utoto wangu wote niliyatazama mabasi yakienda pwani bila kusimama kwetu. Nilikuwa nimesikia juu ya Tiwi, kwamba ni mahali hapana watu. Kazi yangu ni kushona sare za shule. Mwaka mzima watu huja kuniambia kwamba suruali inabana. Nilitaka mahali hapana watu.

Basi tulikuwa na fuo tatu, mmoja umetangazwa, mmoja umeonyeshwa na mmoja haujasemwa, mama mkwe wangu alipoingia kutoka uani.

Tunamwita Koko, maana yake nyanya kwa Kimaasai. Boma lake liko ng'ambo ya mji wa Kajiado, na alikuwa amekuja kwetu kutolewa mtoto wa jicho. Upasuaji ulienda vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba sasa aliona kila kitu. Siku bandeji ilipotolewa aliniambia ukuta wa jikoni una mafuta, akamwambia mjukuu wake kwamba anafanana na shangazi mmoja ambaye hakuna mtu anayempenda, kisha akamtazama mwanawe kwa muda na kumwambia amezeeka.

"Mnaenda wapi?" akauliza.

"Pwani, yeiyo," mume wangu akasema, akimwita mama kwa lugha yao. "Lakini tutakupeleka nyumbani kwanza."

"Hapana. Naenda na nyinyi. Niko na macho sasa."

"Yeiyo, ni mbali. Huko joto ni mingi. Na hiyo maji hainyweki."

"Sitaki kuinywa. Nataka kuiona." Akakaa kwenye kochi, akapanga shuka lake magotini. "Lakini sio hiyo mahali unasema. Tunaenda kwa ile bahari ya baba yako."

Baba mkwe wangu sikumkuta. Namjua kwa picha iliyo ukutani, amesimama mbele ya lango na rungu mkononi, ndani ya sare iliyokuwa kubwa kuliko yeye. Mimi kama fundi sare ile imenisumbua kwa miaka. Mume wangu alipokuwa mdogo, mzee alikwenda pwani akawa mlinzi wa hoteli, kisha akarudi na redio na kuendelea na ng'ombe wake. Hoteli gani, hakuna aliyewahi kuuliza. Kwenye picha lango halina jina.

"Hiyo mahali ilikuwa inaitwa aje?" mume wangu akauliza.

"Hakusema. Alikuwa anasema tu bahari."

"Yeiyo, bahari ni moja."

"Basi kwa nini mnabishana?"

Tukala.

Jioni zilizofuata mume wangu alimhoji mama yake kidogo kidogo, kama anavyowahoji wafugaji ng'ombe akiwa mgonjwa na mwenyewe hajui alikula nini. Koko alitoa habari pale alipojisikia. Siku moja, akimenya njegere, alisema kwamba mzee alifika kazini kwa meli. Si meli ya kwenda ng'ambo. Unatoka Mombasa mjini, mnaingia ndani yake na magari pia yanaingia, mnasimama mmebanana kama mbuzi kwenye lori, na kabla hujachoka mnatoka upande wa pili.

"Feri," mume wangu akasema. "Likoni. Basi ni pwani ya kusini."

Bamburi na Watamu ziko kaskazini. Zote mbili zikaanguka jioni hiyo hiyo. Mume wangu alipokea kushindwa kwa Bamburi kwa utulivu. Binti yetu aliingia chumbani kwake na kufunga mlango kwa namna ambayo jirani pia alijua kwamba Watamu haipo tena.

Siku nyingine, akimenya njegere tena, Koko alisema kuna miti inayolia upepo ukipita, na mchanga mweupe kama unga, unaoumiza macho. Mimi nikaona Tiwi, iliyo kusini vilevile, bado ina nafasi. Nilikaribia kusema. Lakini Koko alikuwa hajamaliza.

"Alisema asubuhi hiyo bahari inaenda. Inaenda mbali sana, unaweza kutembea mahali ilikuwa imelala. Halafu inarudi yenyewe. Kila siku. Na hakuna mtu anaichunga."

"Ni kweli, Koko," binti yetu akasema. Alikuwa ameanza kutoka chumbani nyakati za chai. "Tulisoma shule. Inaitwa kupwa na kujaa. Ni mwezi huivuta."

Koko alimtazama kwa hayo macho yake mapya. Sidhani mwezi ulimsaidia.

"Mimi nilimwambia ni muongo," akasema.

Alitueleza bila kubadilisha sauti, kama mtu anayekuonyesha chumvi iko wapi. Mzee alikuwa amerudi kutoka pwani, wazee wa rika lake wamekuja kumsalimia, na yeye Koko anawaletea chai. Mzee akasimulia habari ya bahari inayokwenda na kurudi. Koko akasema mbele yao wote kwamba hata ng'ombe mwenye akili harudi peke yake kila siku bila mtu, sasa maji yatajuaje njia? Wazee wakacheka sana. Mmoja akamwaga chai. Tangu siku hiyo mzee hakuitaja bahari tena. Aliishi miaka mingi baadaye, akizungumza mambo ya mvua na bei ya mafahali, na akafa.

"Ndio nataka kuona," Koko akasema, akachukua njegere nyingine.

Mume wangu alitoka nje kuangalia gari, ambalo halikuwa na shida yoyote. Aliporudi alisema tunaenda Diani. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba huko maji yakipwa watu hutembea hadi karibu na miamba. Hakusema neno juu ya maegesho.

Tulisafiri Desemba, kabla ya umati wa Krismasi. Koko alikaa mbele kwa sababu ya umri, mimi na binti yetu nyuma na mifuko. Nilipomwonyesha upande wa kwetu Makueni aliangalia kwa heshima, kisha akasema nyasi ni mbaya. Kwenye feri tulishuka garini tukasimama na watu wengine, yeye akiwa ameshika mshipi wa mwanawe. Watu walitubana pande zote. Harufu ya maji ya chumvi na dizeli ilikuwa nzito.

"Kama mbuzi kwa lori," akasema. Alionekana kuridhika.

Tulikuwa tumekodi kanyumba kadogo, si mbali na ufuo. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mtu wa huko huko, aliyetupokea kwa Kiswahili kilichotufanya sisi watatu, mbali na Koko, tusimame wima kama tuko shuleni.

"Karibuni, karibuni sana. Poleni na safari. Shikamoo, bibi."

Koko alijibu kwa Kimaasai, kama anavyojibu kila mwanamke anayemsalimu. "Iko."

Mwenye nyumba alifikiri kidogo. "Naam, bibi," akasema, "tumekuona."

Jua lilikuwa limeanza kushuka, na tulipomfikisha ufuoni alikuta bahari imejaa hadi kwenye mizizi ya mivinje. Miti ilikuwa inalia. Koko aliyatazama maji, akaitazama miti, akaomba kupelekwa kulala.

Asubuhi bahari haikuwepo. Sijui nieleze vipi kwa mtu wa bara. Nilikuwa nimesoma somo lile lile alilosoma binti yangu, lakini nilisimama pale nikahisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta fanicha zimehamishwa. Mchanga ulikuwa mtupu, wenye vidimbwi na majani ya baharini, na mstari mweupe wa mawimbi ulikuwa kule mbali. Watu walikuwa wanatembea pale maji yalipokuwa jana.

"Imeenda," Koko akasema. "Sasa tungoje."

Tulimwekea kiti cha plastiki kivulini, akakaa na shuka lake jekundu na shanga zake. Wageni wakaanza kuomba kumpiga picha. Binti yetu, ambaye nilidhani angejificha kwa aibu, alisimama kando ya kiti akawafukuza mmoja mmoja. "Ako bize," aliwaambia. Akaja mwanamume mmoja aliyevaa shuka na kubeba bangili za shanga za kuuza. Aliongea Kimaasai na Koko kwa muda. Alikuwa mtu wa Kiserian. Koko alimuuliza ng'ombe wake wako na nani, yule bwana akasema hana ng'ombe, na hapo mazungumzo yakapoa. Alituachia bangili moja bure na kwenda zake kwa haraka kidogo.

Mume wangu alikaa mchangani na soksi. Nilimwambia azivue. Akasema yuko sawa.

Maji yalianza kurudi bila mtu kutambua. Kwanza yalijaza vidimbwi, halafu nyayo za watu. Yalikuja kimyakimya, kidogo mbele, kidogo nyuma, na kila yaliporudi nyuma yalikuwa yamechukua mahali kidogo. Koko akasimama. Tukakisogeza kiti nyuma. Baadaye tukakisogeza tena, na safari hii hakukikalia. Aliangalia kushoto kwa ufuo hadi mwisho, akaangalia kulia, akaangalia nyuma ya mawimbi, kama unavyoangalia nyuma ya kundi la ng'ombe ukitafuta mwenye fimbo. Maji yakafika kwenye sandali zake za tairi, yakapita.

"Hakuna mtu," akasema.

Wimbi jingine likapita miguuni pake.

"Alikuwa anasema ukweli."

Mume wangu alikuwa ameinama akivua soksi, na aliendelea kuzivua kwa muda mrefu kuliko soksi zinavyohitaji.

"Lakini pia alisema kuna samaki anafura kama mpira," Koko akaongeza. "Hiyo bado."

Binti yetu akatafuta kwenye simu, akamwinamishia kioo wakikinga jua kwa shuka. Samaki alikuwa pale, na miiba yake, amefura kama mpira. Koko alimtazama hadi kioo kikazimika, akaomba kiwashwe tena.

"Hata hiyo," akasema. Wakati wa chakula cha jioni aliuliza tu kama kuna pilipili.

Kesho yake alikataa kwenda ufuoni. Nimeshaona, alisema, akakaa barazani na mwenye nyumba wakichambua mchicha, kila mmoja akiongea lugha yake. Sisi tukabaki na likizo mikononi. Mume wangu aligeuka akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, mimi nilikuwa nataka wapi. Nikasema Tiwi.

Tiwi kulikuwa na watu. Ilikuwa kwaya ya kanisa kutoka Athi River, imekuja kupumzika, na mama mmoja wa sauti ya pili alinitambua kutoka mbali. Nilikuwa nimemshonea mwanawe sare. Aliniambia inabana. Nilimwambia ailete Januari, nikaingia majini na leso yangu hadi kiunoni, nikakaa huko hadi vidole vikanyauka. Ilikuwa siku nzuri. Binti yetu alipigwa picha akiwa ametupa mgongo.

Siku ya kurudi, gari likiwa limeshapakiwa, Koko alisema tupitie ufuoni. Alishuka peke yake. Sisi tulibaki ndani ya gari na kumwangalia kupitia kioo. Maji yalikuwa katikati, hayajulikani kama yanakwenda au yanakuja. Alitembea hadi ukingoni, akasimama, akasema maneno ambayo hatukuyasikia, kisha akayatemea maji mate kidogo, kwa upole. Watalii wawili waliokuwa wakipita walishtuka. Mimi nimeolewa Kajiado muda wa kutosha kujua kwamba hayo ni mate ya baraka, kama wanayotemewa watoto wachanga na maharusi. Hakuna aliyepiga honi. Hata binti yetu aliweka simu chini.

Tulikuwa tumeshapita Voi. Hapo mume wangu, macho yakiwa barabarani, akaanza kuzungumza kama aliyekuwa katikati ya maneno.

"Nilikuwa namwona baba jioni akiweka chumvi kwa karai ya maji. Anaweka miguu ndani, anakaa tu. Nilikuwa nafikiri ni dawa."

"Ilikuwa dawa," Koko akasema. "Ya magoti."

Malori yalitupita. Nje ilikuwa vichaka na mchanga mwekundu, na tembo mmoja mbali ambaye hakuna aliyemtaja.

"Labda," Koko akasema.

Tulisimama Mtito Andei tukanywa chai.