Tangi Chini ya Kiti cha Mkubwa

Kasiani, mwana wa mkata mkonge wa Kilosa, aliendesha Landrova iliyoleta wagonjwa hospitalini kutoka vijiji vya mbali. Tangi lake halikutosha kwenda na kurudi, hivyo petroli ya akiba ilibebwa kwa madebe, miguuni pa wagonjwa, nao wakitapika njia nzima kwa harufu. Nchi ilikuwa huru miaka kumi na mitatu, na bado mgonjwa alisafiri kama mzigo! Kasiani hakulivumilia hilo. Aliunda tangi la pili, akalijaza maji siku mbili, halikuvuja hata tone, akalifunga chini ya kiti cha mbele cha kushoto.

Asubuhi ya safari ya kurudi hospitalini na wagonjwa kutoka Mikumi, afisa wa afya aliyekuwa kazini huko, na aliyezoea kukalia kiti hicho, alipoliona tangi akaja juu.

"Unanikalisha juu ya petroli? Liondoe!"

"Tangi la kwanza liko chini yangu, ndugu. Nimelikalia miaka saba. Au makalio ya dereva hayaungui?"

Wagonjwa wakaangua kicheko.

"Basi nakaa nyuma!"

"Karibu. Madebe yameondoka, nafasi ipo."

Afisa akapanda nyuma. Kasiani akamketisha mbele mama mjamzito, akawasha gari.