Kitanda cha LaRue

Thayne Jeppson na LaRue walipooana, walikwenda mji wa Wendover kununua kitanda. Mjane mmoja alikuwa akiuza vyombo vyake karibu na uwanja wa zamani wa ndege za vita. Walirudi kwetu Grantsville na tangi la mafuta la ndege, refu, jembamba mbele na nyuma, limefungwa kwa kamba juu ya pikapu, kwa kuwa Thayne alitaka kuliunda gari la mbio. Mwaka mzima walilala kwenye godoro sakafuni. Tangu siku hiyo LaRue hakuliita tangi lile kwa jina jingine. Ukimuuliza mumewe yuko wapi, alikujibu, "Yuko gereji, anakibembeleza kitanda changu."

Thayne alikuwa fundi wa mabasi ya shule hapa kwetu. Basi lenye breki mbovu hakuliruhusu litoke, hata mkuu wa shule aje mwenyewe kumwomba. LaRue alikuwa fundi cherehani. Suti za harusi zilizobana, sketi zilizolegea baada ya ugonjwa, koti la baba linalohamia kwa mwana, vyote vilipitia mikononi mwake. Aliijua miili ya mji mzima na hakumtangaza mtu.

Watoto walipozaliwa, Thayne alilipandisha tangi darini mwa gereji, akalifunga kwa minyororo, akaliacha huko. Wapo wanaume ambao watoto wao huenda shule na viatu vilivyotoboka kwa sababu baba ana mashine gereji. Yeye hakuwa mmoja wao. Kila Agosti alikwenda chumvini, kama tunavyouita sisi ule uwanda mkavu wa chumvi ambako magari hupimwa mwendo, lakini alikwenda kusukuma magari ya wenzake kwa pikapu yake ili yapate mwendo wa kuanzia, kisha akarudi nyumbani na chumvi kwenye viatu na neno la sifa kwa kila aliyemsukuma. Tangi lake halikuwahi kugusa chumvi ile.

Alilishusha alipostaafu. Aliunda fremu ya mabomba ya chuma, akaweka injini ya silinda sita kutoka kwenye lori lililokuwa likibeba majani ya ng'ombe, na mbele ya injini akaweka kiti chake. Siku ya kukata tundu la dereva alikaa ndani ya tangi kama mteja mbele ya kioo, na LaRue akazunguka mabega yake na chaki na futi ya kupimia. Tundu lilimkaa kama koti la kushonesha, kwa kuwa upepo hauna huruma na nafasi iliyo wazi. Kisha Thayne akalisugua tangi kwa mkono mpaka ukaweza kuchana nywele zako mbele yake. Ubavuni, kwa herufi ndogo, aliandika: Kitanda cha LaRue.

Gari lilipokamilika, chumvi ilifunikwa na maji ya mvua na mashindano yakafutwa. Kiangazi kilichofuata Thayne alianguka kutoka kwenye ngazi akichuma aprikoti. Mkono wa kulia ulibaki mzima. Wa kushoto ulikataa kupanda juu ya kifua, na daktari akasema hautapanda tena. Thayne hakuwa kijana, na hakuna aliyejua chumvi itakuwa kavu miaka mingapi mingine. Kama angeliendesha gari lake, ilipasa iwe Agosti ya mwaka uliofuata.

Kikwazo kilikuwa jaribio moja. Kila dereva mpya hufungwa mikanda yote ndani ya gari lake, amevaa helmeti, glavu na ovaroli ya kukinga moto, macho yamefunikwa. Akiambiwa toka, lazima atoke peke yake, na upesi. Hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Gari la chumvini husimama maili kadhaa kutoka kwa mtu wa karibu, na moto haungoji wasamaria.

Walifanya mazoezi gereji. LaRue alimfunika macho kwa taulo ya jikoni, akategesha saa yake ya kuokea mikate. Thayne alifungua mikanda vizuri, lakini ili atoke ilimpasa kujiinua kwa mikono miwili, na mikono miwili hakuwa nayo tena. Alijipinda, akakwama kiwiko, akapumua, akatoka. Saa ilikuwa imeshalia.

"Panua upande wa kulia," LaRue alimwambia. "Ushushe ule ukingo, uuegemee, ujiviringishe nje. Mabomba hayakuzuii, nimeyapima. Linalokuzuia ni bati."

"Sitatia msumeno kwenye tangi hili."

"Ulishautia."

"Wakati ule nilikuwa nalitengeneza. Sasa itakuwa kuliharibu."

"Mzee wangu, bwana harusi akija hapa na tumbo jipya, simkati tumbo. Nafumua mshono."

"Hili si koti, LaRue."

"Basi toka kama ulivyoingia, tukuone."

Alifunikwa macho tena, akakwama tena. Aliamini kwamba siku yenyewe hofu itampa nguvu. Mtu akishakipenda kitu alichokitengeneza kwa mkono wake, huanza kuamini kwamba mwili ndio unaopaswa kukifuata. Nimeona watu wengi waadilifu wakianguka hapo.

Agosti ilikuja, nami nikaenda nao kuwasaidia; chumvi ilikuwa kavu, nyeupe, ngumu chini ya kiatu. Mkaguzi wetu alikuwa Orval Stoddard wa Idaho, ambaye Thayne alikuwa akimsukuma miaka mingi, kabla Orval hajaacha kuendesha. Orval alikagua boliti moja baada ya nyingine. Alivuta mikanda, akanusa mipira ya mafuta, akafunua kifuko cha parachuti ya kusimamishia gari.

"Nani kakunja hii?"

"Mimi," LaRue akasema.

"Dada LaRue, naona haya kuikunjua."

"Kunjua. Nitakunja tena."

Baadaye Thayne akaingia kitini. LaRue alimfunga mikanda, akamfunika macho, akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono ameitia kwenye mifuko ya aproni. Orval alisema toka.

Mikanda ilifunguka. Helmeti ikatokeza, bega la kulia likafuata, kisha kiwiko kikakwama mahali pale pale. Tulimsikia akihema ndani ya helmeti. LaRue hakutoa mikono mifukoni, ila aproni ilivutika chini mpaka nikadhani mishono itaachia. Thayne alipotoka hatimaye, alikaa juu ya tairi akajifunua macho. Hakuhitaji kuuliza.

Orval aliitazama saa yake muda mrefu. Akatutazama sisi.

"Saa hii imezeeka," alisema polepole. "Huenda nilichelewa kuisimamisha. Ndugu Jeppson, umetusukuma sisi wote hapa. Hakuna mtu kwenye chumvi hii atakayelalamika."

 Thayne aliliangalia gari. Nilimwona akilitamani neno lile, na simlaumu kwa kutamani.

"Orval," alisema, "basi lenye breki mbovu ulishawahi kuona nimelitoa?"

"Hili si basi. Humo ndani uko peke yako."

"Sipo peke yangu. Yule pale ndiye atakayekuja kunichukua mwisho wa njia." Alimwonyesha LaRue kwa kidevu. "Andika nimeshindwa."

Orval aliandika, kwa mkono mzito. Huruma ya namna ile ndiyo inayoua watu, na hutolewa na watu wema. Thayne aliikataa akiwa na hamu nayo, na hilo kwangu ni kubwa kuliko mwendo wowote uliopimwa siku ile.

"Nitakuwa hapa mpaka jua lishuke," Orval akasema. "Kama kuna la kufanya."

LaRue alikuwa ameshatoa kipande cha chaki mfukoni. Akalisogelea tangi, akapiga magoti juu ya chumvi, akaanza kuchora mstari upande wa kulia wa tundu, akiushusha kwa mzunguko mpana.

"Unafanya nini?" Thayne akauliza.

"Nakipunguza kitanda changu."

"LaRue."

"Nililala sakafuni mwaka mzima kwa ajili yake. Kama kuna mtu ana haki ya kukikata, ni mimi. Nani ana grenda ya kukatia bati?"

Jirani yetu pale chumvini alikuwa mtu wa California, gari lake likishindana katika daraja lile lile la gari letu. Alikuwa amesimama akisikiliza bila aibu.

"Ninayo," alisema. "Na jenereta ninayo. Mkitaka kupunguza mwendo wenu, nitawashikia na waya."

"Upepo utaingia hapo," Thayne akasema, kama anayejisemea.

"Utaingia," LaRue akamjibu. "Na wewe utatoka."

Thayne aliinuka kwenye tairi. Akaupitisha mkono wake mzima juu ya bati lile, polepole, kutoka ncha ya mbele mpaka kwenye mstari wa chaki. Kisha akachuchumaa kando ya mkewe akautazama mstari.

"Umeacha nafasi ya pindo?"

"Nimeshona tangu hujaota ndevu. Nimeacha."

Alikata mwenyewe. Mimi nilimshikia grenda upande wa mkono uliokataa kupanda. Bati lilipoanguka, alilichukua akampa LaRue, naye akaliweka ndani ya aproni kama kitambaa kilichobaki. Ukingo ulikuwa mkali. LaRue akapasua mpira wa maji kwa urefu, akauvika kwenye ukingo, akatoboa matundu na kuushona kwa waya, mshono mmoja mmoja, huku watu wa California wamemsimamia kichwani wakimfanyia kivuli.

Akafungwa mikanda na kufunikwa macho tena, na safari hii Thayne alitoka kabla ya muda kwisha. Aliegemeza kiwiko kwenye pindo, akajiviringisha, akasimama. Orval aliitazama saa yake, akaitazama tena, akapenga kamasi.

Asubuhi yake nililisukuma gari kwa pikapu mpaka likashika mwendo wake lenyewe. LaRue alikuwa kando yangu. Kitanda kilituacha, kikawa kidogo, kikawa doa, kisha mlio tu. Mbali kabisa tuliona kitambaa chekundu kikichanua nyuma yake, parachuti yake, na LaRue akavuta pumzi.

Tulipomfikia gari lilikuwa limesimama na Thayne bado yumo ndani, kichwa kimeinama. LaRue alishuka pikapu haijasimama sawasawa. Alikwenda mpaka hatua chache kutoka kwenye gari, akasimama, akaitia mikono kwenye mifuko ya aproni. Alingoja.

Mikanda ikafunguka. Kiwiko kikapata pindo. Thayne alijiviringisha taratibu, akakanyaga chumvi kwa miguu miwili, akavua helmeti. Uso ulikuwa umelowa.

Mwendo wake haukuwa wa kuandikwa popote. Madereva wapya huanza kwa mwendo wa chini, na wapo waliompita siku hiyo kwa pikipiki.

"Pindo lako linapiga mluzi," alimwambia mkewe.

"Tukirudi nitalifumua, nilishone upya."

"Liache," Thayne akasema. "Nilikuwa nalisikia njia nzima."

Hapo ndipo LaRue alipotoa mikono mifukoni.