Niliitikia Jina la Marehemu kwa Ajili ya Randa

Nianze kwa kukiri kabisa, nisije nikaonekana najitetea: mimi Yoramu, fundi seremala wa Kitandililo pale Makambako, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, tena ninayeimba besi kwenye kwaya ya kanisa, nilisimama mchana kweupe katikati ya Njombe mjini, nikaitwa kwenye spika kwa jina la mtu ambaye nilimzika mwenyewe, nikaitika. Na nilikuwa nimevaa kofia ya zawadi. Chekeni tu, mimi nimeshazoea, hata sokoni wamenipa jina ambalo mtalisikia huko mbele.

Huyo mtu alikuwa Obadia Ngole, ndiye aliyenifundisha kushika msumeno. Alifariki mwezi wa pili, ugonjwa wa siku chache tu, akaacha nyumba imeezekwa lakini haina mlango hata mmoja (fundi wa milango ya watu wote, yake alikuwa anaisogeza mbele kila mwaka). Mke wake, Mama Lute, alikuwa ametundika maturubai kwenye milango yote mitano, na yule mtoto wa mwisho ana kifua kinachombana. Sasa mnajua kwetu ikifika mwezi wa sita, unaamka unakuta sakitu, ule umande ulioganda, imelala juu ya majani, yote meupe kabisa, na turubai halizuii kitu. Basi pale makaburini, tulipomaliza kuimba, sijui ni wimbo ndio ulionipandisha mori, nikanyoosha mkono nikasema mbele ya watu wote kwamba milango mitano ya nyumba ya mwalimu wangu itakuwa imesimama kabla mwezi wa sita haujaingia. Hakuna aliyeniuliza.

Mama Lute akanikabidhi randa ya umeme ya marehemu, pamoja na kopo la biskuti lenye makaratasi yake. "Chukua na haya," akasema, "mwenzangu alikuwa anayatunza kuliko cheti chetu cha ndoa." Randa yenyewe tuliijua karakana nzima, maana Obadia alikuwa anaisifia kila mgeni akija: hii bwana ina waranti ya maisha, hii haifi. Na kweli ilikuwa inakata mkaratusi mgumu kama unamenya kiazi. Nikapiga randa mlango wa kwanza, nikapiga wa pili, nikaanza kutembea mtaani kifua mbele kama mtu aliyeshamaliza.

Mlango wa tatu, katikati ya mwezi wa tano, randa ikalia mlio wa ajabu, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Niliibonyeza, nikaitikisa, nikaisemesha kwa Kibena, wapi. Nikakimbilia kopo. Karatasi ya juu ilikuwa kadi ngumu yenye maandishi makubwa, WARANTI YA MAISHA, na chini yake maandishi madogo madogo kama siafu wanaohama. Hayo sikuyasoma (nani anayasoma?), isipokuwa mstari mmoja uliokuwa umekolezwa wino: kwa mnunuzi wa kwanza tu. Na mnunuzi wa kwanza ndiye yule tuliyemfukia mwezi wa pili. Chini ya kadi kulikuwa na karatasi nyingine zimebanwa pini, zimejaa mihuri, nikajua ni risiti za zamani, nikazirudisha kwenye kopo.

Asubuhi yake nikapanda gari kwenda Njombe, randa kwenye kiroba na kopo kwapani. Naapa sikuwa nimepanga kudanganya. Nilipanga kujieleza, kuomba, hata kupiga magoti ikibidi. Lakini nilikuta duka lina sikukuu yao ya wateja, turubai nje, viti vya plastiki, spika mbili ndefu kuliko mimi, na ndani foleni mpaka mlangoni. Nilipofika kaunta dada mmoja (kumbe alikuwa mgeni kazini) akaniambia, "Habari kaka, tukusaidie nini?" Nikatoa kadi. Akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena.

"Wewe ndiye Obadia Ngole?"

Hapo ndipo ilipoanzia. Nyuma yangu watu wanakohoa kuniharakisha, mbele yangu ule mstari wa wino, na akilini mwangu yale maturubai yanapeperuka. Mdomo wangu haukusema kitu, nawaambia ukweli, ni kichwa tu kilikwenda chini kikarudi juu.

"Kwa mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa hapa, una miaka hamsini na tisa," akasema (mimi nina thelathini na nne). "Shikamoo baba!"

Ningeweza bado kujiokoa. Nikasema, "Marahaba mwanangu."

"Mh, umejitunza kweli."

"Baridi ya kwetu inahifadhi," nikamjibu, nikajishangaa mwenyewe uongo unavyotoka umenyooka.

Dada akafungua daftari lake kubwa, akafunua kurasa, akashika mdomo kwa furaha. Kumbe Obadia, miaka saba yote, kila baada ya miezi sita alikuwa anaileta randa kufanyiwa sevisi bila kukosa hata mara moja. Akachukua randa na kopo langu lote, akaviingiza chumba cha nyuma kwa fundi wao, akarudi anakaribia kuruka. "Baba Obadia, usiondoke. Leo tunawatambua wateja waaminifu, na wewe unawashinda wote."

Nikamwambia nina haraka. Nikamwambia nina mgonjwa. Nikamwambia naogopa watu. Akanivalisha kofia ya njano, akanivalisha fulana ya njano juu ya shati, akanishika mkono kama bibi harusi akanitoa nje, akanikabidhi kwa kijana mmoja mwenye maiki ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kelele tangu asubuhi.

"Wana Njombeee! Kutoka Makambako! Mtu aliyeitunza mashine yake kama mboni ya jicho! Si mwingine ni Obadia Ngole! Nasema Obadia Ngole, yupo hayupo?"

"Yupo!" watu wakaitika, maana watu wakiulizwa hivyo kwenye spika wanaitika tu.

"Sijasikia! Obadia Ngole yupo hayupo?"

"Yupooo!"

Na mimi nikapunga mkono. (Sina maelezo. Mkono ulipunga.) Nilikuwa nahesabu moyoni kwamba wakinipiga picha moja nitaingia ndani, nitachukua randa, nitapotea, Mungu atanisamehe kidogo kidogo nikiwa njiani.

Mara ya tatu alipouliza kama Obadia Ngole yupo, niliona upande wa wauza parachichi kuna mama anasukuma watu, kitenge kinamteleza, sandali moja imebaki nyuma. Nilimtambua kabla hajafika. Alikuwa Shangazi Rehema wa kijiji cha Yakobi, dada yake Obadia, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa ameketi na ndoo zake za parachichi, akasikia spika inalitangaza jina la kaka yake, halafu akasikia umati wa watu wanajibu kwamba yupo. Uso aliokuja nao sitausahau. Haukuwa na hasira. Mtu mzima yule, aliyejua kabisa tulimweka wapi kaka yake, kwa zile hatua chache alikuwa anatumaini.

Halafu akaniona mimi chini ya kofia ya njano.

Yule kijana wa maiki, kwa akili zake, akadhani ni mama wa kunipongeza. "Na mama naye amekuja kutoa neno!" akasema, akamwekea maiki mdomoni.

"Yoramu?" Shangazi akasema taratibu, na spika zote mbili zikasema Yoramu. "Huyu si Obadia. Obadia ni kaka yangu, tulimzika mwezi wa pili. Na huyu Yoramu ndiye aliyebeba msalaba."

Nikasikia mpaka ule muungurumo wa spika zenyewe. Mama mmoja wa mbele alimnyanyua mtoto wake akaondoka haraka. Mtu wa nyuma akasema tapeli huyo, mwingine akasema mwizi, na hilo neno mnajua likishasemwa mjini linavyoweza kumponza mtu. Niliomba maiki kwa mikono miwili, nikasema yote pale pale: randa, maturubai, mtoto wa kifua, ahadi yangu ya makaburini, mstari wa mnunuzi wa kwanza, kile kichwa kilichokwenda chini kikarudi juu. Sauti yangu ya besi ilikuwa imepotea, nilikuwa nalia kisoprano. Nikamwambia, "Shangazi, nisamehe. Nimemuamsha mtu wako aliyelala."

Hapo hapo mlango wa duka ukafunguka akatoka fundi wao, mzee mfupi mwenye aproni, mkono mmoja ameshika kopo la biskuti, anacheka. "Nimesikia jina huko nyuma. Yuko wapi Obadia nimsalimie? Mara hii amechelewa."

Shangazi Rehema akamwendea akamsalimia kwa Kibena, "Kamwene," akamshika mkono, akamwambia. Yule mzee akarudi nyuma mpaka kwenye kiti cha plastiki akaketi, kopo mapajani. "Sasa mbona kwenye daftari langu bado nilikuwa namsubiri," akasema. Nikatamani ile lami ya Njombe ifunguke inimeze.

Akaniita kwa kidole. Nikapiga magoti mbele yake na fulana yangu ya njano.

"Kijana, kwa nini hukusema kweli?"

"Mzee, niliona imeandikwa mnunuzi wa kwanza tu."

"Na mstari unaofuata?"

Nikainama nikiangalia lile kopo.

"Unaofuata unasema waranti ya maisha ni kwa kasoro ya kiwandani. Chuma kikipasuka chenyewe, mota ikiwa mbovu tangu ilipotengenezwa. Wewe kilichokufa ni mkanda na kaboni. Hivyo ni vitu vya kulika, kama soli ya kiatu. Hata angekuja Obadia mwenyewe na miguu yake, kadi hii isingempa mkanda."

Kwa hiyo niliitikia jina la marehemu mbele ya Njombe nzima kwa kitu ambacho marehemu mwenyewe asingepewa. Nilidhani aibu imefika mwisho. Mzee akatoa zile karatasi za mihuri, zile nilizoziita risiti.

"Na hizi umezisoma?"

"Hapana, mzee."

"Huu ni mkataba wa huduma. Waranti ni ya mtu, huu ni wa mashine. Kuna namba hapa, na namba hiyo hiyo iko chini ya tumbo la randa. Hauulizi nani ameileta. Obadia alishaulipia mpaka mwisho wa mwaka huu, na imebaki sevisi moja. Mkanda, kaboni, kusafisha, vyote vimo. Ungekuja ukasema tu mwenye randa amefariki, ningekutengenezea ukiwa unakunywa chai."

Hapo ndipo Shangazi Rehema alipotoa sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kilio, na kweli nusu yake ilikuwa kilio. "Kaka yangu huyo," akasema, "alikuwa anasoma kila kitu! Hata karatasi ya kufungia maandazi alikuwa anaikunjua anaisoma!" Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akanigeukia. "Haya, vua hiyo fulana. Wametoa kwa Obadia, itakwenda kwa mwanawe Lute. Na kofia." Nikavua mbele ya watu, na shati langu la ndani likapanda nayo, tumbo likapigwa na baridi, watu wakacheka, na safari hii kile kicheko kilikuwa cha kuniachia niende. Shangazi akaketi na mimi kwenye viti vya plastiki mpaka randa ikatengenezwa. Alinikatia parachichi. Hakuniambia amenisamehe, alinipa tu nusu kubwa.

Nilifika Makambako jua linashuka, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Lute, maana bora nijieleze mwenyewe kabla maneno hayajafika. Yalikuwa yameshafika (Shangazi ana simu, na ana vocha). Mama Lute alikuwa amesimama pembeni ya lile turubai la mlango mkubwa, mikono kiunoni. Nikasimama mbali na kiroba changu, nikatafuta pa kuanzia.

Akaliinua turubai kwa mkono mmoja. "Karibu ndani, marehemu."

Akajitahidi kukaza uso, akashindwa. Akacheka mpaka akashika ukuta, watoto wakatoka kuangalia kuna nini, yule wa mwisho akacheka bila kujua anacheka nini, akakohoa, akacheka tena. Tangu mwezi wa pili sikuwa nimemsikia yule mama akicheka. Mimi nilikuwa nalia pale mlangoni, na sikuona aibu ya hilo.

Mlango wa tano niliufunga bawaba zikiwa zimebaki siku mbili mwezi wa sita uingie. Mama Lute aliufunga, akaufungua, akaufunga tena, akabaki ndani kwa muda. Tangu siku ile nimejiapiza: nikiulizwa jina, hata na mtoto wa chekechea, nataja yangu matatu kabla hajamaliza kuuliza, na karatasi yoyote inayokuja na mashine naisoma mpaka anwani ya mpiga chapa. Jina la mtu mwingine sitaitikia tena maisha yangu yote. Isipokuwa sokoni pale Makambako wakiniita Marehemu, na Mama Lute akiwa karibu, naitika kwa sauti kubwa.