Filta feki ya trekta langu, na benchi la muuzaji

Leo nimelipiza kisasi Kariakoo, na roho yangu imetulia.

Nina trekta dogo shambani Mkuranga. Mwezi uliopita nililinunulia filta ya oili kwa kaka mmoja mwenye duka la spea. Aliniapia, "Dada, hii orijino kabisa."

Ikaharibika ndani kwa ndani. Injini ikanoki, trekta likazima katikati ya msimu wa kulima. Nikimpigia, hapokei.

Basi asubuhi nikaipasua ile filta, nikaenda nayo dukani.

Hakunikumbuka hata kidogo. Alikuwa anamwapia mama mmoja mtu mzima, mwenye filta mkononi, maneno yaleyale.

"Shikamoo mama," nikamsalimia.

"Marahaba, mwanangu."

Nikaiweka filta yangu kaunta. "Tazama alichoniuzia mimi." Ndani mlikuwa na vipande vya boksi tu.

Mama akairudisha ya kwake taratibu, akaondoka.

Kaka akaninong'oneza, "Dada, njoo ndani tuyamalize." Akachomoa filta nyingine chini ya kaunta. "Hii ndiyo yenyewe."

Kumbe anazo. Nzima anazificha, mbovu ndizo anatuuzia.

Hapo ndipo nilipochemka. Nikavuta benchi lake, nikakaa mlangoni, ile filta niliyoipasua mapajani. Kila mteja aliyefika nilimwonyesha, kwa upole kabisa.

Adhuhuri akaamua kufunga duka. Akasimama mbele yangu na funguo mkononi, jasho linamtoka.

"Dada, naomba benchi niingize ndani."

Nikamwambia, "Funga tu, kaka. Mimi bado nimekaa."

Haya, semeni ukweli, nimezidisha?