Wembe Juu ya Kiganja

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu yameanza kabla ya mapambazuko, na unyevu umetanda kwenye vioo vya madirisha. Kwa wenye maduka mengine, hiyo ni baridi tu. Kwa mwanamke anayefungua mlango wa buluu wa duka la kinyozi, hiyo ni hewa ya kutu.

Hata mwavuli hajaukunja, tayari amevuta droo. Anafunua kitambaa chenye mafuta, anatoa wembe wa kukunja wenye kipini cheusi na kuupeleka kwenye mwanga. Anautazama upande huu, anautazama upande ule.

"Mungu ni mwema," anasema. "Hakuna hata doa."

Ana miaka arobaini na mmoja, watoto wawili, na jina la utani asilolipenda: Dada Ufagio. Alipofiwa na mumewe, mjomba wake, ambaye ndiye mwenye duka, alimpa kazi ya kufagia nywele na kufua taulo. Ujira wake ni robo ya anachopata kinyozi. Unatosha kodi ya chumba. Viatu vya shule vinabaki kuwa maombi.

Lakini ufagio wake ulikuwa na tabia ya kukawia karibu na kiti cha mjomba.

"Sehemu moja nilikuwa naifagia mara tatu," anasema akicheka. "Macho yalikuwa kwenye wembe."

Mjomba aliliona hilo, akamkabidhi utunzaji wa nyembe. Ni kazi isiyopigiwa makofi: kusafisha kwa spiriti, kukausha, kupaka mafuta, kupumzisha. Nyembe zenyewe ni mbili na zinapokezana. Mmoja ukiwa kazini, wa pili umelala.

"Watu wanadhani wembe unachoshwa na ndevu," anaeleza. "Unachoshwa na uvivu wetu. Ukiulaza na maji, asubuhi unakuta kutu. Ukiutunza, utakuzika wewe."

Leo hakuja kufagia. Mkono wa mjomba umeanza kutetemeka, na kiti cha pili kiko tupu tangu kinyozi wake ahame. Mjomba ametoa sharti moja: mpwa wake amnyoe Miiba, muuza nyama wa kona, mwenye ndevu ngumu kuliko zote mtaani. Miiba akiinuka bila kulalamika, kiti ni chake. Akilalamika, ufagio upo nyuma ya mlango.

Saa tatu Miiba anaingia. Benchi limeshajaa watu, maana habari haina miguu lakini inakimbia.

"Dada Ufagio, nimeshaandika wosia," anasema akijitupa kitini.

"Lile shoka lako la nyama umemwachia nani?" anamuuliza, akimfunga kitambaa shingoni.

"Nimekuachia wewe, shemeji. Ukishanichinja, nani mwingine atalifaa?"

Benchi linaangua kicheko. Yeye anampaka povu hadi masikioni, kisha anaugeukia ukanda mrefu wa ngozi uliotundikwa ukutani. Jiwe hunoa, ukanda hunyoosha makali kabla ya kunyoa. Sheria yake ni moja. Mgongo wa wembe hutangulia, makali hufuata. Ukifika mwisho, unaugeuza juu ya mgongo wake, kama mtu anayejigeuza kitandani asimwamshe mwenzake. Kamwe haugeuzwi juu ya makali.

Anaanza. Chwa, chwa. "Huyo! Huyo!" mmoja anapiga kelele, furaha inampanda kichwani, mkono unashika kasi, na mwisho wa ukanda anaugeuza juu ya makali.

Kwaruu! Ngozi inachanika. Kipande kinainuka kama ulimi.

Kila aliye benchini anajua kwamba ukanda wenye jeraha huharibu makali badala ya kuyanyoosha. Mjomba anatazama sakafu.

"Mbona kimya?" Miiba anauliza kutoka ndani ya povu. "Nimeshakufa?"

Mwanamke anafumba macho. Midomo inacheza kidogo. "Sikuomba muujiza," atasimulia baadaye. "Nilimwomba Mungu anipunguzie kasi."

Anauweka pembeni wembe ule, makali yake yameshaharibika. Anafungua droo na kutoa wa pili, ule uliopumzika. Anaupangusa mafuta, anausafisha kwa spiriti, anaukausha. Kisha anafuta kiganja chake cha kushoto kwa taulo, anakikunjua, anaulaza wembe juu yake.

"We mpwa wangu!" Mjomba anaruka. "Hiyo kakufundisha nani?"

"Wewe, Mjomba. Siku ile uliposahau ukanda nyumbani. Nilikuwa nafagia."

"Ukanda husamehe. Kiganja hakisamehi."

"Najua."

Mgongo unatangulia. Makali yanafuata. Anageuza juu ya mgongo, anarudi. Pole, kama anayempangusa mtoto usingizini. Anapomaliza anainua kiganja juu, wakione wote: hakina hata tone la damu.

Ndipo anamgeukia Miiba. Wembe unashuka shavuni kwa sauti ya karatasi inayochanwa polepole. Watu wanangoja agune, maana Miiba hugunia hata upepo. Badala yake, taya la muuza nyama linalegea, na kutoka kitini unasikika mkoromo.

"Kalala!" benchi linalipuka. Miiba anashtuka.

"Umeanza?"

"Nimemaliza, shemeji."

Anajishika shavu la kulia. Anajishika la kushoto. Anajitazama kiooni kama anayetambulishwa kwa mgeni. "Haki ya Mungu," anasema, "mke wangu atanifukuza. Hatanijua."

"Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji!" mzee mmoja anapaza sauti, na papo hapo anatumbukiza mkono kwenye beseni na kujilowesha kidevu.

Mjomba anakisogeza kiti cha pili mbele ya kioo. "Ni chako. Lakini sema neno, watu wasikie."

Mpwa anasimama nyuma ya kiti, mikono juu ya egemeo lake. Amepanga kununua ukanda mpya kwa ujira wake wa kwanza wa kinyozi. Ule wenye kovu utabaki ukutani, aukumbuke kila asubuhi. Anavuta pumzi.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, ninaahidi: mkononi mwangu wembe hautageuka tena juu ya makali yake. Siku ukigeuka, msinifukuze. Ufagio najua ulipo, nitauchukua mwenyewe."