Ubeti wa Pili

Mume wangu aliponunua redio, aliyefaidi ni baba mkwe.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe. Nilitoka kwetu Iringa nikaletwa Uyole, katika ukoo wa Wanyakyusa, ambako siku hizo mke hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake. Mzee akitokea njiani, unaingia shambani na kugeuza uso. Akiingia nyumbani kwako, unatoka. Naye vilevile, akijua upo karibu, hukohoa kwa mbali na kujifunika shuka usoni mpaka upite. Kwetu mkwe tunamheshimu, lakini hatumkimbii. Huku nilijifunza kukimbia. Hata kanisani, yeye akiwa mbele upande wa wanaume na mimi nyuma kabisa, nyimbo nilizinong'ona tu, mimi niliyekuwa nikitangulia kwaya nzima nyumbani.

Kabla ya redio mzee alikuja mara moja kwa wiki. Baada ya redio akawa anakuja kila siku, na kila siku nilihamia jikoni, kibanda cha nyuma, ambako habari za dunia zilinifikia kama watu wanaogombana ndani ya gunia. Niliipangusa vumbi redio ile kila asubuhi kwa hasira.

Kisha ikaja barua ya mdogo wangu. Kwaya yetu ingesikika redioni Jumapili ile alasiri.

Nilisoma nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Miezi michache kabla ya harusi walikuja misheni kwetu wanaume wawili na gari lenye mashine ya kunasa sauti. Walifunga madirisha ya kanisa, wakafukuza kuku, wakatukataza kukohoa. Nilianzisha wimbo. Katika ubeti wa pili pumzi ziliniishia katikati ya mstari, nikaiba hewa kidogo nikaendelea. Sikumwambia mtu. Sauti yangu mwenyewe sikuwahi kuisikia hata siku moja, na sasa ilikuwa inakuja mpaka sebuleni kwangu.

“Mwambie mzee asije,” nilimwambia mume wangu.

“Nimfukuze baba kwa ajili ya wimbo?”

“Mwambie redio imeharibika.”

“Halafu aisikie akiwa njiani?”

Kuihamishia jikoni haikuwezekana. Betri ilikuwa nzito kama tofali, na waya wa kunasia mawimbi ulipanda mpaka juu ya mkaratusi. Kumweleza mzee sababu ndiyo kabisa haikuwezekana, maana kwa mume wangu ingekuwa kama kunipeleka mimi mbele ya baba yake. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, hakuogopa mteremko wowote, lakini baba yake alimwogopa. Aliniahidi kufungua sauti mpaka mwisho.

Jumapili hiyo mzee aliwahi. Mimi jikoni nikamenya viazi vya kutosha kulisha harusi. Nilitoka, nikarudi, nikakoleza moto usiokuwa na chungu. Besi za wanaume zilipoanza kunguruma niliwatambua watu wetu, lakini sauti za juu hazikufika. Nilijizuia beti mbili nzima. Kisha nikatupa kisu, nikazunguka nyumba mpaka chini ya dirisha la sebule, mahali ambapo mkamwana hapaswi kuwapo.

Hapo hapo mzee akasema, “Huyu mama anayetangulia ni wa wapi?”

Mume wangu hajui kumdanganya baba yake. “Wa Iringa, tata.”

“Iringa kwa nani?”

Kiti kililia. Mzee alikuwa ameelewa, na kwa heshima alitoka mbio kuiachia nyumba sauti yangu. Akatokea mlango wa mbele, nami nikatimka mpaka mwisho wa mahindi. Akaona majani yanatikisika. Akajifunika shuka, akasimama kunipisha. Mimi nikachuchumaa kumpisha yeye. Alikohoa, akangoja, akakohoa tena. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Alipoondoka hatimaye nilikimbilia ndani, nikamkuta mtangazaji anaeleza habari za mbolea.

“Ilikuwaje?” nilimwuliza mume wangu.

“Nzuri,” akasema, kama mtu anayesifu ugali.

Usiku ule sikumsemesha. Kesho yake wifi yangu alikuja na mkungu wa ndizi kutoka kwa mzee. Akasema kama alivyotumwa, “Baba anasema ulitangulia vizuri. Anasema ubeti wa pili pumzi zilikuishia, ukaiba, na hakuna aliyegundua isipokuwa yeye.”

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Wimbo ule haukurudiwa tena, au ulirudiwa nikiwa shambani. Kwa miaka yote aliyoishi nilimpikia mzee na kumfulia shuka zake, nikatamani kumwuliza sauti yangu ilikuwaje, nzito au nyembamba, kwa maana yeye ndiye aliyeisikiliza. Sikumwuliza. Siku ya kumzika waliniomba nitangulie wimbo. Nilitangulia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na ubeti wa pili ulipokaribia nilivuta pumzi mapema.